Nani Alipe Njia? Gharama za Kusafirisha Bidhaa Kigali, Kuanzia Misafara hadi Vifurushi vya Mtandaoni

Utangulizi

Wahenga walisema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Asiyeubeba huuona mwepesi. Methali hii inanijia kila ninaposoma historia ya biashara ya eneo letu, kwa sababu vitabu vingi hutueleza bidhaa zilizouzwa, wafalme waliozitaka na wafanyabiashara waliotajirika nazo, lakini huipita haraka gharama iliyozifikisha sokoni. Pembe za ndovu zilifika pwani, vitambaa vikafika bara, ngozi zikafika Ulaya. Zilifikaje? Na nani alilipa?

Insha hii inachunguza swali hilo kwa kuitazama Kigali, mji ulio mbali na bahari kila upande. Kutoka Dar es Salaam hadi hapa ni takriban kilomita 1,500 kwa barabara, na kutoka Mombasa kupitia Kampala ni takriban 1,700. Nina sababu mbili za kulichagua swali hili. Ya kwanza ni ya kitaaluma: gharama ya njia ni mlango mzuri wa kuingilia historia ya watu wa kawaida. Ya pili inanihusu zaidi. Dada yangu mkubwa huuza vikapu vya agaseke na mikeka kwa wateja wanaoagiza kwa simu, na sehemu ya ada yangu ya chuo hutoka katika biashara hiyo. Nauli za mizigo zilipopanda alinitaka ushauri, kwa hoja kwamba mimi ndiye msomi wa nyumba. Sikusomea biashara, nimesomea historia. Kwa hiyo nilikwenda kutafuta jibu katika somo ninalolijua.

Nitadai kwamba katika kipindi cha miaka mia moja na hamsini hivi, watu wa eneo hili wameishi chini ya namna tatu za kulipia njia. Namna ya kwanza ni ya msafara: gharama ya njia inafichwa ndani ya bei ya bidhaa. Ya pili ni ya stempu: wote wanalipa sawa, wa karibu na wa mbali. Ya tatu ni ya vituo: kila mtu analipa kulingana na umbali wake. Nitaonyesha pia kwamba namna ya pili, ambayo wauzaji wadogo wengi huikimbilia kwa sababu inaonekana ya haki, iliwezekana kwa sababu ambayo muuzaji mdogo hana.

Msafara: njia ndani ya bei

Katika karne ya 19 mizigo kati ya pwani na maziwa makuu ilibebwa na binadamu. Mbung'o waliwaua wanyama wa kubeba mizigo katika sehemu kubwa ya njia, na mito haikupitika kwa vyombo vikubwa. Pagazi, wengi wao Wanyamwezi, alibeba mzigo wa karibu frasila mbili, yaani kilo 32 hivi, bila kuhesabu kitanda chake, sufuria na chakula chake. Richard Burton na John Speke waliondoka pwani karibu na Bagamoyo mwishoni mwa Juni 1857 na kufika Kazeh, penye Tabora ya leo, mwanzoni mwa Novemba. Hiyo ni miezi zaidi ya minne, na ziwa la Tanganyika lilikuwa bado mbali.

Gharama za safari hiyo zilikuwa za aina tatu kuu. Kwanza ujira wa wapagazi, uliolipwa kwa vitambaa, shanga na waya. Pili posho, yaani chakula cha njiani au kitambaa cha kununulia chakula. Tatu hongo, ushuru ambao watawala wa njiani walitoza ili msafara upite na kuchota maji. Maneno haya bado tunayo, lakini yamehama. Leo posho ni fedha anayopewa mtu anayehudhuria semina, na hongo ni rushwa. Mabadiliko ya maana ya neno hongo yana ushahidi ndani yake. Ushuru ule haukuchukiwa kwa kuwa ulikuwepo tu. Kilichowasumbua wafanyabiashara ni kwamba hawakujua mapema utakuwa kiasi gani. Mtawala wa njiani alitazama ukubwa wa msafara, akauliza habari, kisha akataja kiwango, na mazungumzo yangeweza kuchukua siku kadhaa huku wapagazi wakila posho.

Mfanyabiashara aliyefika bara hakumwambia mnunuzi: kitambaa hiki ni kiasi hiki, na njia ni kiasi hiki. Alitaja bei moja. Ndani yake mlikuwa na kitambaa, ujira, posho, hongo, riba ya aliyemkopesha huko Zanzibar, na hofu yake ya kuibiwa. Kwa sababu hiyo doti ya kitambaa ilizidi kupanda thamani kadiri ilivyokwenda mbali na bahari, na pembe ya ndovu ikazidi kuwa rahisi kwa mfano huohuo. Aliyekuwa mbali zaidi alinunua ghali na kuuza rahisi. Huo ndio mzigo wa kwanza wa kuwa mbali, na haukuandikwa popote.

Ruanda ya wakati wa Mwami Kigeli Rwabugiri, aliyefariki mwaka 1895, haikuwafungulia wafanyabiashara wa pwani milango. Bidhaa za pwani ziliingia kwa kupokezana mikono, kupitia Karagwe na nchi nyingine jirani. Hata hivyo, biashara ya masafa haikuwa ngeni kwa wenyeji. Upande wa Ziwa Kivu palikuwa na vikuku vya nyuzi za mmea vilivyoitwa butega, vilivyofumwa na Watembo wa magharibi ya ziwa na kutumika kama fedha katika masoko ya eneo hilo, pamoja na majembe, chumvi na mifugo. Ninavitaja kwa sababu vinatukumbusha kwamba kazi ya kufuma na kazi ya kubeba zilikwenda pamoja tangu zamani. Mfumaji hakuwahi kuuza uzi tu; aliuza na mwendo wake.

Tukiuliza nani alilipa njia ya msafara, jibu la haraka ni mnunuzi wa mwisho. Jibu hilo halitoshi. Bei ya sokoni ilipokataa kupanda, mwenye mali alitafuta pa kupunguza, na mara nyingi palikuwa pale pasipo na nguvu: posho ya pagazi. Gharama iliyofichwa ndani ya bei ina tabia hiyo. Kwa kuwa haionekani, ni rahisi kuisukuma hadi kwa yule ambaye hawezi kuirudisha.

Reli: bei iliyopangwa kwingine

Mwaka 1907 daktari Mjerumani, Richard Kandt, aliyekuwa mwakilishi wa serikali ya kikoloni, aliianzisha Kigali kama makao ya utawala. Nyumba yenye jina lake ni jumba la makumbusho leo. Alitaka mji uwe wa biashara pia, na wafanyabiashara wa Kihindi, wa Kiarabu na wa Kiswahili walifika pamoja na askari, makarani na wapagazi. Jamii ya Waswahili iliota mizizi upande wa Nyamirambo, penye msikiti uliojengwa mwaka 1913. Kiswahili chenyewe, kwa maneno mengine, kilifika Kigali kikifuatana na mizigo. Kinyarwanda kimehifadhi ushahidi katika maneno kama iduka na isanduku.

Bidhaa kubwa iliyotoka ilikuwa ngozi. Ingetarajiwa kwamba ngozi za koloni la Kijerumani zingepita bandari ya Kijerumani. Sivyo ilivyokuwa mwanzoni. Reli ya Waingereza kutoka Mombasa ilikuwa imefika Kisumu mwaka 1901, na meli za Ziwa Viktoria ziliiunganisha na Bukoba. Ngozi zilitoka Kigali hadi Bukoba vichwani mwa watu, zikavuka ziwa, zikapanda treni hadi Mombasa. Wajerumani nao walianza kujenga reli ya kati kutoka Dar es Salaam mwaka 1905, ikafika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914. Mpango wa tawi la kutoka Tabora kuelekea Ruanda ulikuwepo, lakini vita vilipozuka Agosti 1914 ulisitishwa. Ubelgiji iliiteka Kigali Mei 1916. Reli hiyo haijafika hadi leo, ingawa Rwanda na Tanzania zimerudia mara kadhaa kuizungumzia, safari hii kupitia Isaka.

Wabelgiji walikuta tatizo lilelile: nchi wameipata, bahari hawana. Kwa mkataba wa Machi 1921 Uingereza iliwakodisha maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma, kwa kodi ya faranga moja kwa mwaka. Watu wa Dar es Salaam waliyaita Belbase. Kodi hiyo ni mfano mzuri wa bei inayoonekana kuwa ya bure. Bandari ilikodishwa kwa faranga moja, lakini nauli ya reli, malipo ya meli ya Ziwa Tanganyika, maghala na wachukuzi wa kupandisha mizigo milimani vyote vilibaki kulipwa, na viwango vyake havikupangwa Ruanda.

Hapa ndipo ninapoona tofauti kati ya msafara na reli. Reli ilipunguza gharama kwa kila kilo na kwa kila kilomita kiasi ambacho mpagazi hangeweza kushindana nacho. Lakini ilihamisha pia mahali pa kupanga bei. Hongo ilibishaniwa chini ya mti, ana kwa ana. Kiwango cha reli kilichapishwa na kubandikwa kituoni. Mkulima au mwenye ngozi wa Ruanda alipata bei inayojulikana, na wakati huohuo akapoteza nafasi ya kubishana nayo.

Stempu: wote sawa

Namna ya pili ilizaliwa mbali na hapa, lakini imetugusa sote. Hadi mwaka 1839 barua nchini Uingereza ilitozwa kulingana na umbali na idadi ya karatasi, na kwa kawaida aliyelipa ni mpokeaji. Akikataa kuipokea, posta ilikuwa imekwishaibeba bure. Rowland Hill, katika kijitabu alichokitoa mwaka 1837, alionyesha kwamba gharama halisi ya kuisafirisha barua moja kutoka London hadi Edinburgh ilikuwa sehemu ndogo sana ya peni. Kilichogharimu zaidi ni kazi ya kuhesabu, kuandika na kukusanya malipo mlango kwa mlango. Pendekezo lake lilikuwa rahisi: bei moja kwa nchi nzima, na mtumaji alipe kabla. Bei ya peni moja ilianza Januari 1840, na stempu ya kwanza ikaanza kutumika Mei mwaka huo. Katika mwaka mmoja barua zilizotumwa ziliongezeka zaidi ya mara mbili.

Wazo hilo lilipanuliwa kuvuka mipaka. Oktoba 1874 wajumbe wa nchi 22 walitia saini mkataba mjini Bern, nchini Uswisi, ulioanzisha chombo ambacho tangu 1878 kinaitwa Umoja wa Posta Duniani. Kila nchi ilikubali kuzifikisha barua za wenzake bila kudai malipo, kwa dhana kwamba kila barua huzaa jibu. Afrika Mashariki nayo ilikuwa na mfano wake. Kuanzia miaka ya 1930 Kenya, Uganda na Tanganyika zilitumia stempu zilezile, na mtu wa Mombasa aliweza kumwandikia ndugu yake Bukoba kwa stempu ileile ambayo angeitumia kumwandikia jirani yake. Ruanda-Urundi haikuwa ndani ya mfumo huo. Ilikuwa na stempu zake chini ya Ubelgiji, na baada ya uhuru wa 1962 Rwanda ikatoa za kwake.

Stempu ina haki fulani ndani yake. Barua ya kilimani na barua ya mjini zinalipa sawa, kwa hiyo wa karibu anamsaidia wa mbali bila hata kujua. Lakini haki hii ilisimama juu ya nguzo ambayo wasifiaji wa Hill huisahau. Posta ya Uingereza, kama posta nyingi zilizoifuata, ilikuwa na haki ya pekee ya kubeba barua. Mtu wa London aliyemwandikia mwenziwe wa mtaa wa pili alikuwa analipa zaidi ya gharama halisi, na sheria haikumruhusu mfanyabiashara mwingine amfanyie kazi hiyo kwa bei ndogo. Ingemruhusu, wa karibu wote wangehama, na posta ingebaki na wa mbali tu. Bei moja kwa wote inahitaji kwamba wa karibu asiwe na mlango wa kutokea.

Jambo hili lilijulikana hata zamani hizo, na ndiyo maana vifurushi havikufuata kanuni ya barua. Marekani ilipoanzisha huduma ya posta ya vifurushi mwaka 1913, barua ziliendelea kuwa na bei moja nchi nzima, lakini vifurushi viligawiwa maeneo manane kulingana na umbali. Barua ni nyepesi, na gharama yake kubwa ni ya kuishughulikia. Kifurushi kina uzito, na uzito unakula njia.

Hata Umoja wa Posta ulilazimika kuiacha dhana yake ya mwanzo. Kongamano la Tokyo la mwaka 1969 liliweka malipo ambayo nchi inayotuma huilipa nchi inayopokea. Biashara ya mtandaoni ilipofurika vifurushi vidogo, Marekani ilitangaza Oktoba 2018 kwamba itajitoa, ikilalamika kuwa inabeba vifurushi vya wengine kwa hasara. Mkutano wa dharura wa Geneva, Septemba 2019, ulifikia maafikiano: nchi zinazopokea mizigo mingi ziliruhusiwa kuanza kujipangia viwango kuanzia Julai 2020, na nyingine kufuata hatua kwa hatua. Maamuzi ya ukumbi mmoja wa Uswisi yakawa gharama mpya kwa muuzaji wa kikapu aliye kilomita maelfu kutoka huko.

Kigali ya leo

Rwanda ilijiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2007, na kuanzia 2014 utaratibu wa eneo moja la forodha ulifupisha safari ya shehena kutoka Mombasa kwa siku nyingi, kwa kuwa ushuru ulianza kushughulikiwa bandarini badala ya kila mpakani. Ilionekana kama hongo za njiani zimekwisha kwa mara ya pili katika historia. Kisha Februari 2019 mpaka wa Gatuna, mlango mkuu wa kuelekea Uganda, ulifungwa kwa malori, na haukufunguliwa tena kwa kudumu hadi tarehe 31 Januari 2022. Shehena zilizunguka Kagitumba au zikahamia njia ya Rusumo na Dar es Salaam. Barabara ilikuwa ileile. Uhusiano wa serikali mbili ndio uliobadilisha gharama.

Ndani ya nchi, kifurushi kidogo husafiri kwa njia ambazo kila msomaji wa hapa anazijua. Mjini hubebwa na moto, yaani pikipiki za abiria. Kwenda mikoani hupelekwa kaunta ya kampuni ya mabasi pale Nyabugogo, kikaandikwa jina na namba ya simu, na mpokeaji akakifuata stendi. Nchi za nje hupitia posta au kampuni za kusafirisha vifurushi. Njia zote tatu hufuata bei ya mafuta, ambayo mamlaka ya RURA huitangaza kila baada ya muda. Tangazo moja la mafuta hupita kwa dereva, likafika kaunta, likaishia kwa muuzaji.

Sasa nirudi kwa dada yangu. Alikuwa akimtoza kila mteja wa ndani ya nchi kiasi kimoja, kwa namna ya stempu. Nitatumia tarakimu za mfano ili hesabu iwe rahisi kufuata. Tuseme kwa mwezi ana oda 20. Kati ya hizo, 14 ni za Kigali, na kila moja inamgharimu faranga 1,500 kuipeleka. Nyingine 6 ni za Musanze, Rubavu, Rusizi na kwingineko, kila moja faranga 3,500 pamoja na moto ya kuifikisha Nyabugogo. Jumla ni faranga 42,000, na wastani ni 2,100. Akimtoza kila mtu 2,100, wa Kigali analipa 600 zaidi ya gharama yake, na wa mikoani analipa 1,400 pungufu. Hesabu inafunga.

Nauli zikipanda, ikawa 2,000 kwa Kigali na 4,500 kwa mikoani, jumla inakuwa 55,000. Akiendelea kutoza 2,100, anapoteza faranga 13,000 kwa mwezi. Akipandisha hadi wastani mpya, 2,750, mteja wa Kigali anajiuliza kwa nini alipe hivyo wakati anaweza kuja mwenyewe au kumtuma motari wake kwa 2,000. Wachache wanafanya hivyo. Tuseme oda za kupelekewa sasa ni 10 za Kigali na 10 za mikoani, kwa sababu wa mikoani wameona bei inawafaa. Jumla ya gharama ni 65,000, na wastani unaohitajika umeruka hadi 3,250. Kila anapoufuata wastani, wa karibu wanazidi kutoka, na wastani unazidi kupanda. Hill hakukutana na tatizo hili kwa sababu alikuwa na sheria nyuma yake. Dada yangu ana simu tu.

Njia nyingine aliyoshauriwa na wenzake ni kutangaza kwamba usafiri ni bure na kuongeza gharama ndani ya bei ya kikapu. Hiyo ni namna ya msafara. Hapa niliona hatari kubwa zaidi, na ilitoka moja kwa moja katika historia ya pagazi. Agaseke moja huchukua siku nyingi za kazi ya mikono. Bei ya kikapu ikishabeba na njia ndani yake, halafu soko likakataa bei hiyo, mahali pepesi pa kupunguza ni malipo ya mama aliyekifuma. Mteja ataona "usafiri bure", na mama wa kijijini ataambiwa kwamba mwezi huu bei imeshuka. Hakuna atakayesema kwamba yeye ndiye aliyelipia mafuta.

Nilimshauri achague namna ya vituo: maeneo matatu, yaani Kigali, mikoani, na nchi jirani, kila moja na kiwango chake karibu na gharama halisi, na bei ya kikapu ikae peke yake. Niliongeza mambo mawili niliyoyaokota katika kurasa za nyuma. La kwanza, gharama ya njia ilipwe kabla kwa simu, hata kama kikapu kitalipiwa kikifika. Kabla ya 1840 mpokeaji wa barua aliweza kuikataa mlangoni, na leo mteja asiyepatikana kwenye simu motari akiwa nje ya geti anafanya vilevile. Muuzaji analipa kwenda na kurudi. La pili, kiwango kikibadilika, tarehe itangazwe mapema na sababu isemwe. Hongo na stempu zote zilikuwa malipo ya njia. Moja imekuwa jina la aibu na nyingine watu wanaihifadhi katika vitabu kwa fahari, na kwa maoni yangu tofauti ni kwamba ya pili ilijulikana kabla ya safari.

Ushauri huu una gharama yake, nami sitaificha. Wateja kadhaa wa Rusizi wamepungua. Kanuni inayomlinda mfumaji inamrudishia mtu wa mbali mzigo wa umbali wake, na mtu wa mbali mara nyingi si tajiri kuliko wa Kigali. Dada yangu amejaribu kuupunguza kwa kungoja oda tatu au nne za mji mmoja na kuzituma katika mzigo mmoja, jinsi misafara midogo ilivyosubiriana Bagamoyo ili iondoke pamoja. Mteja anapata nafuu ya fedha na kulipa kwa subira.

Soko la nje lina somo lake. Vikapu vya Rwanda vimeuzwa Marekani tangu 2005, vilipoingia katika maduka ya Macy's, na Wanyarwanda wanaoishi huko huagiza kimoja kimoja kwa ajili ya harusi. Tangu 2016 kifurushi chenye thamani isiyozidi dola 800 kiliingia Marekani bila ushuru. Nafuu hiyo iliondolewa kwa nchi zote tarehe 29 Agosti 2025. Posta za nchi nyingi zilisimamisha vifurushi kwa kuwa utaratibu wa kukusanya ushuru ulikuwa bado haujakaa sawa, na Umoja wa Posta Duniani ulisema mizigo ya posta kuelekea huko ilianguka kwa zaidi ya asilimia 80. Ni hongo ya zamani kwa sura mpya: msafara umefika, na mwenye njia bado anatafakari kiwango.

Hitimisho

Nimejaribu kuonyesha kwamba swali la kiasi gani cha kumtoza mteja kwa usafiri si dogo wala si jipya. Msafara uliificha gharama ndani ya bei, na mara nyingi ikamwangukia pagazi. Reli iliipunguza lakini ikaipeleka mbali na wanaoilipa. Stempu iliisawazisha kwa wote, ikilindwa na sheria iliyowazuia wa karibu wasiondoke. Muuzaji mdogo wa leo anaweza kuiga mojawapo, lakini inampasa ajue ni nguzo gani iliyoishikilia zamani na kama yeye anayo.

Kwa sisi wanafunzi wa historia kuna jambo la ziada. Tumezoea kuitafuta historia ya uchumi katika mikataba na takwimu za bandari. Ipo pia katika risiti ya basi, katika kiwango kilichoandikwa kwa kalamu kwenye ukuta wa kaunta, na katika malipo ya mwezi ya mama mfumaji. Mtu akituambia kwamba kitu kimesafirishwa bure, kazi yetu ni kuuliza nani aliyebeba, na kuendelea kuuliza hadi tumfikie.